Fundi wa Tovuti: Picha hazipandi, rangi zimepauka, na ng'ombe hapatikani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wapiga picha wanaouza picha zao kwenye tovuti zao wenyewe, juu ya seva wanazozilipia wenyewe. Naelewa kwa nini wanaongezeka. Juni 2020 Shutterstock, soko la picha la mtandaoni, ilipanga upya malipo ya wapiga picha wake: anayeanza hupata asilimia 15 ya mauzo, anayeuza sana hufika asilimia 40, na kila Januari mosi wote hurudishwa ngazi ya chini waanze kupanda tena. Mtu aliyekusanya maktaba ya picha kwa jua na mvua ana haki ya kutaka mahali pake pa kuziuza. Ila ukishakuwa na tovuti yako, fundi wa zamu ni wewe.

Ombi moja kabla ya majibu. Mkiniandikia "tovuti imegoma" nabaki kubahatisha. Mkinitumia mistari miwili mitatu ya mwisho ya logi ya makosa, yaani faili ambamo seva huandika hitilafu zake, mara nyingi jibu limo humo humo. Kwenye seva nyingi za Linux logi hizo ziko ndani ya folda ya /var/log. Waliopanga nafasi kwenye seva ya pamoja wataikuta kwenye paneli yao ya usimamizi.

Shikamoo fundi. Napiga picha za Kilimanjaro na misitu yake kwa Nikon D850. Nikipandisha picha ya simu, tovuti inaipokea. Nikipandisha ya kamera, mara fomu inarudi tupu kama vile sijajaza kitu, bila ujumbe wowote. Mara nyingine picha inapanda lakini zile ndogo za kuonyesha wateja hazitokei, nakuta mraba wa kijivu. Rafiki yangu kaniambia niongeze memory_limit hadi gigabaiti 1. Seva yenyewe ina memori ya gigabaiti 1. Nifanye hivyo? (Mpiga picha, Moshi)

Marahaba. Usifanye hivyo, nitakueleza kwa nini. Una matatizo mawili yaliyokuja pamoja, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na fomu tupu. PHP, lugha inayoendesha tovuti yako kwenye seva, ina kiwango cha ukubwa wa fomu nzima kiitwacho post_max_size, na usipokigusa ni megabaiti 8. Fomu ikizidi hapo, PHP haikati kipande, inatupa kila kitu: picha, jina la picha, maelezo, hata kile kibonyezo ulichobofya. Msimbo wa tovuti unaona fomu isiyo na kitu na kukurudisha ulikotoka. Ndiyo maana hupati hata ujumbe wa kosa. JPEG ya D850 yenye ubora wa juu mara nyingi huvuka megabaiti 20, kwa hiyo haiwezi kupenya. Kipo pia kiwango cha faili moja, upload_max_filesize, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 2 tu, na kama mbele ya PHP kuna Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya vivinjari, yenyewe ina client_max_body_size ya megabaiti 1. Hii ya Nginx angalau husema: utaona namba 413.

Panga viwango hivyo kutoka nje kwenda ndani, cha nje kikiwa kikubwa zaidi. Kwa picha zako ningeweka Nginx 80, post_max_size 72, upload_max_filesize 64. Halafu angalia sana faili unalohariri. Kwenye Debian na Ubuntu kuna php.ini mbili au zaidi, moja ndani ya folda ya cli na nyingine ndani ya fpm. Watu huhariri ya cli, kisha wanakesha wakishangaa mbona hakuna kilichobadilika, kumbe tovuti inasoma ya fpm. Ukishahariri, anzisha upya huduma ya PHP-FPM na Nginx. Bila hivyo mabadiliko hayasomwi.

Sasa mraba wa kijivu. Fungua logi utafute mstari wenye namba 134217728. Ukiuona, hayo ni megabaiti 128 yaliyoandikwa kwa baiti, kiwango cha kawaida cha memory_limit, yaani memori ambayo PHP inaruhusiwa kutumia kwa ombi moja. Picha ya D850 ni pikseli 8,256 kwa 5,504, yaani zaidi ya milioni 45. JPEG hubanwa inapokaa kwenye diski, lakini ili ipunguzwe ni lazima ifunguliwe, na maktaba ya GD, ambayo PHP huitumia kuchakata picha, hutumia baiti 4 kwa kila pikseli. Zidisha: ni takriban megabaiti 180 kabla hata hiyo picha ndogo haijaanza kuchorwa. Picha ya simu ya megapikseli 12 inahitaji kama 48, ndiyo maana inapita.

Rafiki yako ameona tatizo, ila dawa yake itakuumiza. Kiwango hicho ni cha ombi moja. Siku ukipandisha picha tano na PHP ikazishughulikia tano kwa wakati mmoja, zitataka memori ambayo seva yako haina. Linux ikiishiwa memori huua programu ili ijiokoe, na mara nyingi inayouawa ni hifadhidata, kwa kuwa ndiyo inayokula nyingi. Tovuti nzima itazimika, na wewe utaanza kutafuta kosa kwenye MySQL, hiyo hifadhidata, ambako halipo.

Fanya hivi. Sakinisha libvips, programu huria iliyotengenezwa mahsusi kwa picha kubwa. Inazisoma vipande vipande badala ya kuifungua picha nzima kwa mkupuo, na amri yake ya vipsthumbnail hufanya kazi vizuri hata kwenye seva ndogo kama yako. Kisha acha kutengeneza picha ndogo wakati kivinjari kinasubiri. Zipange kwenye foleni, cron, kipanga ratiba cha Linux, iamke kila dakika chache na kuzishughulikia moja baada ya nyingine.

Na kama unapandisha picha za safari nzima kwa wakati mmoja, achana kabisa na fomu ya kivinjari. Tumia rsync, programu ya kunakili mafaili hadi kwenye seva, yenye kigezo cha --partial kuzipeleka kwenye folda ya kupokelea. Mtandao ukikatika katikati, rsync hutunza kipande kilichokwisha kufika, na ukiirudia amri inaendelea kutoka hapo.

Kaka fundi, nauza picha za kanga, vitenge na masoko ya Unguja. Kwenye kompyuta yangu nyekundu inawaka. Kwenye tovuti, picha ndogo zimepauka, lakini mteja akinunua na kushusha faili kamili rangi iko sawa sawa. Nimebadilisha plagini ya picha ndogo na hali ni ile ile. (Dada wa Unguja)

Dada, umeshanipa nusu ya jibu: faili kamili liko sawa. Basi kamera yako haina kosa, wala macho yako. Rangi inapotea pale picha ndogo inapotengenezwa.

Tazama jina la faili kama lilivyotoka kwenye kamera. Nikon ikipiga kwa sRGB huandika DSC_ kisha namba. Ikipiga kwa Adobe RGB mstari wa chini unahamia mwanzoni, _DSC. Canon nayo hubadili IMG_ kuwa _MG_. Nina hakika majina yako mengi yanaanza na mstari huo, au programu yako ya kuhariria inatoa picha kwa Adobe RGB.

Adobe RGB inabeba rangi nyingi kuliko sRGB, kiwango ambacho HP na Microsoft walikibuni mwaka 1996 na ambacho vivinjari hukichukulia kuwa ndicho pale picha isipojieleza. Picha hujieleza kwa wasifu mdogo wa rangi uliofichwa ndani ya faili. Plagini nyingi, ili kupunguza uzito, huutupa wasifu huo bila kuzigeuza namba za rangi kwanza. Kivinjari kinasoma namba za Adobe RGB kana kwamba ni za sRGB, na nyekundu ya kanga inakuwa ya tofali. Plagini uliyohamia inafanya kosa lile lile, ndiyo sababu hukuona tofauti.

Dawa ni mpangilio wa hatua: igeuze picha kuwa sRGB, kisha ndipo utupe wasifu. ImageMagick, programu nyingine ya kuchakata picha kwa amri, na libvips zote zinaweza. Njia rahisi zaidi kwako ni kutoa picha za tovuti kwa sRGB tangu kwenye programu ya kuhariria, na faili la Adobe RGB ulihifadhi kwa mteja anayechapa vitabu.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya rangi. Amri ya -strip ya ImageMagick haitupi wasifu wa rangi peke yake. Inatupa pia jina lako, maelezo ya picha na haki miliki vilivyoandikwa kwenye sehemu za IPTC, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la picha. Picha yako inazagaa mtandaoni bila jina la mama wala baba. Tangu Agosti 2020 Google Images huweka alama kwenye picha zinazoweza kununuliwa leseni, na mojawapo ya njia za kuijua picha hiyo ni anwani ya leseni iliyo ndani ya IPTC. Plagini ikiifuta kwenye picha ya kuonyesha, umejifungia mlango wa wateja. Pima kwa ExifTool, programu ya kusoma maelezo hayo: isomeshe picha ndogo uliyoishusha kutoka kwenye tovuti yako mwenyewe, uone kama jina lako bado limo.

Picha zangu za wima zinalala ubavu kwenye tovuti, ila kwenye simu zimesimama. (Msomaji, Kigoma)

Kamera haiigeuzi picha, inaandika tu kwenye EXIF, maelezo ya kamera yaliyo ndani ya faili, namba ya kuelekeza igeuzwe vipi. 1 ni ya kawaida, 6 na 8 ni za wima. Simu yako inaitii namba hiyo, programu ya tovuti yako haiitii. Igeuze kabla ya kupunguza; kwenye ImageMagick ni -auto-orient. Kama unatumia WordPress iliyo chini ya toleo la 5.3, isasishe, kwa sababu tangu toleo hilo inageuza yenyewe.

Mimi ni mfugaji na mpiga picha, Longido. Nina picha nyingi za mifugo na minada. Mteja akitafuta "mbuzi" anapata. Akitafuta "ng'ombe" ukurasa unakuwa mweupe, kosa namba 500. Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema nimwambie mteja aandike "ngombe" bila ile alama. Ni sawa? (Mfugaji, Longido)

Si sawa, ndugu yangu, na nakuomba ulishughulikie leo kabla ya kitu kingine chochote.

Programu yako inachukua neno la mteja na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri inayotumwa kwenye hifadhidata. Katika lugha ya SQL, ile alama ya juu ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mteja akiandika ng'ombe, hifadhidata inadhani neno limeishia kwenye "ng", halafu inakutana na "ombe" isiyojua ni amri gani, inakataa. Fungua logi yako, utakuta mstari unaolalamika karibu na 'ombe. Mteja wako hana nia mbaya. Lakini mtu mwenye nia mbaya naye anajua alama hiyo, na badala ya "ombe" ataandika amri ya kusoma orodha ya wateja wako na nywila zao, au kufuta jedwali zima la picha. Ukurasa huo mweupe ni onyo kwamba tundu lipo. Kumwambia mteja asiandike alama hakulizibi.

Mwambie kijana atumie PDO au mysqli, viunganishi vya PHP na hifadhidata, kwa njia ya kutayarisha: amri inaandikwa kwanza ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa neno, kisha neno linatumwa peke yake. Hapo hifadhidata hailichukulii neno la mteja kuwa amri, liwe na alama gani. Na asirekebishe kisanduku cha kutafutia pekee. Kila mahali mtu anapoandika kitu, kwenye kuingia, kwenye maoni, kwenye fomu ya kununua, msimbo huo huo utakuwa umerudiwa.

Ukishaziba, utakutana na tatizo la pili. Mteja mwenye iPhone akiandika ng'ombe, simu huibadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni neno lile lile. Kwa hifadhidata ni herufi mbili tofauti kabisa. Wewe uliandika maneno ya picha kwa kompyuta, alama ikanyooka. Yeye anatafuta kwa iliyopinda, anaambiwa hakuna picha. Na wako wengi wasioiandika kabisa.

Ningeongeza safu ya pili kwenye jedwali la picha, isiyoonekana na mteja, yenye maneno yale yale yakiwa yameondolewa alama hizo zote: ng'ombe inakuwa ngombe, ng'ambo inakuwa ngambo. Neno la mteja nalo liondolewe alama kabla ya kutafutwa. Hapo iliyonyooka, iliyopinda na isiyokuwepo zote zinaleta ng'ombe yule yule.

Niongeze hili, maana linawagusa wote wanaoweka maneno ya Kiswahili kwenye picha. Mifumo mingi ya kutafuta imezoea lugha ambazo wingi hubadilika mwishoni mwa neno, na huweza kukata mwisho ili umoja na wingi vikutane. Kwetu mabadiliko yako mwanzoni. Mfumo huo hautajua kwamba mfugaji na wafugaji ni jambo moja, au jicho na macho. Usiusubiri ujifunze. Andika yote mawili kwenye kila picha: mfugaji, wafugaji, mnada, minada, ndama ataandikwa mara moja kwa kuwa habadiliki.

Habari fundi. Mteja akilipa, tovuti yangu inamtumia linki ya kushusha picha, inayodumu saa mbili. Tangu tuhamie seva mpya, wateja wanabofya linki dakika ile ile wanaambiwa muda umekwisha. Kwa sasa nawapa anwani ya moja kwa moja ya picha kubwa ndani ya folda ya uploads ili wasinidai fedha. (Mwenye studio, Mombasa)

Nzuri, na asante kwa kutaja kuhamia seva mpya, kwani ndiko tatizo lilikoanzia. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Programu yako ya PHP imewekewa Africa/Nairobi kwenye mipangilio yake, hifadhidata inafuata saa ya seva mpya.

Chukua mteja aliyelipa saa 8:10 mchana, yaani 14:10. Kwa hifadhidata ni 11:10. Inaongeza saa mbili na kuandika kwamba linki itakufa 13:10. Mteja anabofya, PHP inaangalia saa yake, inaona 14:10, inasema imekufa saa nzima iliyopita. Kwenye seva ya zamani pande zote mbili zilikuwa saa ya Nairobi, kwa hiyo hitilafu hiyo ilijificha. Endesha SELECT NOW() kwenye hifadhidata, kisha chapisha saa ya PHP, uzilinganishe. Tofauti ikiwa saa 3 kamili, umemaliza kutafuta. Weka pande zote kwenye UTC, na saa ya Nairobi itumike tu pale unapomwonyesha mteja kwa macho. Halafu waongezee muda wateja wote waliolipa tangu mhamie. Asilipe mtu mara mbili.

Sasa hizo anwani za moja kwa moja. Nimesikia sababu yako na ni ya haki, lakini zitoe mara moja. Mwenye anwani ya picha 0412 atajaribu 0413. Picha kubwa zisizo na chapa ya jina lako hazitakiwi kuwa ndani ya folda ambayo kivinjari kinaweza kuifikia. Zihamishe nje ya public_html, folda inayofikiwa kutoka mtandaoni, PHP ihakikishe malipo, kisha iipe Nginx kazi ya kulipeleka faili kwa kichwa cha X-Accel-Redirect, agizo linaloambatana na jibu la PHP; Apache ina moduli ya X-Sendfile kwa kazi hiyo hiyo. Utapata na faida nyingine: faili kubwa halitapita ndani ya memori ya PHP, na mteja mwenye mtandao wa polepole hatakatwa katikati ya kushusha.

Naingiza nywila sahihi, tovuti inanirudisha pale pale kwenye kuingia. Logi inasema diski imejaa, lakini nikiangalia kwa df -h, amri ya kupima nafasi ya diski, asilimia 45 iko wazi. Nimeanza kufuta picha za zamani na haisaidii. (Mpiga picha wa harusi na mandhari, Mwanza)

Simamisha kufuta. Andika df -i, uone safu ya asilimia. Naamini utakuta 100.

Diski ina ukomo wa aina mbili: ukubwa na idadi ya mafaili. Mfumo wa ext4, ambao Linux hupangia mafaili kwenye diski, hutenga nafasi ya faili moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo diski ya gigabaiti 40 hupewa nafasi kama milioni 2.6. Zikiisha, hakuna faili jipya litakaloandikwa, hata la baiti moja. PHP huhifadhi kumbukumbu ya aliyeingia, yaani kikao chake, kama kifaili kidogo. Ikishindwa kukiandika, inakusahau papo hapo na kukurudisha kwenye nywila.

Kwako wanaozimaliza karibu hakika ni vipande vidogo: kila picha ina saizi kadhaa zilizoombwa na muundo wa tovuti na plagini zake, kila saizi ina nakala ya WebP, aina nyepesi ya picha, na juu yake kuna kache, nakala za muda za kurasa. Kufuta picha moja kubwa kunarudisha nafasi moja tu. Hesabu mafaili folda kwa folda kwa du --inodes, anza na kache na vikao vya zamani vya PHP. Hivyo vinafutika bila hasara. Kisha punguza saizi hadi zile unazozionyesha kweli, tatu au nne, na ufute zilizobaki. Ukiona bado pamebana, ongeza diski kisha uitanue ext4, nafasi za mafaili zitaongezeka nayo.

Zile za harusi ulizokwisha kuzifuta, kama una nakala rudufu, zirudishe baada ya hapo. Niandikie df -i ilisomaje kabla na baada, pamoja na jina la folda iliyoongoza kwa mafaili.